Njia ya Kasenga: safari ya bonde la Luapula

Jumatatu

Ukimwambia mtu wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwamba unaenda Kasenga, hatakuuliza unaenda kufanya nini. Atakuuliza: "Na gari gani?" Mji wenyewe uko kaskazini-mashariki, zaidi kidogo ya kilomita 200, umbali ambao kwenye lami ungekuwa safari ya asubuhi moja. Wengi wa wakaaji wa ule upande tunaouita Njia ya Kasenga, karibu na uwanja wa ndege wa Luano, hawajafika kamwe kule njia yao inakoelekea. Wanaijua kwa mizigo yake: makala, mihogo, samaki.

Nilipata nafasi kwenye kabini ya kamyo, kati ya dereva na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa anarudi kuchukua bidhaa. Nyuma, juu ya mzigo, walipanda watu nilioshindwa kuwahesabu, pamoja na kuku wao. Mzigo nao ulistahili kutazamwa: saruji, mabati, sukari, katoni za sabuni, kreti za biya, magodoro yaliyokunjwa, marobota ya nguo za mitumba. Vyote vimefungwa kiwandani. Kurudi, kamyo hiyohiyo itabeba vitu vilivyofungwa kwa kamba za magome ya miti. Mwenye kutaka kuelewa biashara ya Lubumbashi na Kasenga asimame tu kwenye kituo cha kamyo siku mbili, ya kwenda na ya kurudi, aangalie mafundo.

Lami haikukaa nasi muda mrefu. Ilipoisha, vumbi jekundu likaingia kabini kwa njia zote, na mama akajifunga kitenge mpaka machoni bila kusema neno, kwa uzoefu. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya baridi ile inayowafanya Walushi, watu wa Lubumbashi, wavae makoti na kulalamika.

Baiskeli za makala zilianza kukutana nasi mapema, zikielekea mjini. Hazipandwi, zinasukumwa: magunia yamerundikwa na kushikizwa kwa fito, na kijana anayesukuma haonekani ila miguu. Dereva alisema zamani watu hawa walikata miti karibu na mji, sasa wanaondoka kwao usiku ili wafike na jua. Sikuhitaji ushahidi. Miombo, ule msitu ambao shuleni tulifundishwa kwamba unatuzunguka, ulianza kuwa msitu wa kweli baada ya saa nyingi za mwendo. Kabla ya hapo ni vichaka, visiki na tanuru za udongo zinazotoa moshi polepole.

Kandokando ya njia wamama walipanga viazi vitamu na chupa za asali. Ungepita mwezi wa kwanza, ungeona uyoga umejaa mabeseni mpaka gari zinasimama zenyewe. Kipindi hiki ni cha viazi.

Jioni tukafika Kasomeno, na dereva akazima gari. Hapiti usiku, alisema, na hakuna aliyebishana naye. Kasomeno ni njia panda na inaishi kama njia panda: mkono mmoja unashuka Kasenga, mwingine unaendelea kaskazini kuelekea Kilwa na Pweto, kwenye ziwa Mweru. Kila mtu hapo anauza kitu kwa anayepita. Tulikula bukari, ugali wetu, na kuku wa kijijini, mgumu na mtamu, kwenye meza iliyokuwa na mtaalamu wa barabara. Kila meza ya Kasomeno ina mtaalamu wake. Huyu alitueleza mradi kama vile mkataba uko mfukoni mwake: barabara ya kulipia kutoka hapa Kasomeno, ipite Kasenga, ivuke mto Luapula kwa daraja la mita 345, iishie Mwenda upande wa Zambia, kilomita 184 kwa jumla. Hesabu hizo ni za kweli, serikali mbili zimeshazitia sahihi na kampuni binafsi. Nia yake si samaki wala muhogo. Ni shaba. Kamyo za migodini zinazopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zingepata njia fupi ya kwenda Nakonde, kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania, na bandari ya Dar es Salaam.

"Na sisi?" mama akauliza.

"Ninyi, mama, mtalipa peaji," akajibu mtaalamu, na meza yote ikacheka.

Jumanne

Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Baada ya Kasomeno nchi inaanza kushuka, pole sana, na mwili unaijua kabla ya macho. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na Mweru, ambako Luapula inamwaga maji yake, uko kwenye mita 900 na kidogo. Koti lilitoka kwanza, halafu sweta. Magharibi, upande tulioupa mgongo, uwanda wa Kundelungu ulisimama wa buluu kama ukuta. Huko ndiko kuna hifadhi iliyoanzishwa 1970 na maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Watalii wachache wanaofika Katanga wanakwenda huko. Kasenga hawafiki.

Mji unauona ghafla, miembe kwanza. Ni miembe mikubwa ya zamani, imepandwa kwa mstari na mtu aliyetaka kuwe na avenue. Chini yake kuna kila kitu ambacho makao makuu ya teritwari, yaani wilaya, lazima yawe nacho: ofisi ya administrateta na bendera yake, polisi, mahakama, shule, zahanati, parokia ya dayosisi ya Kilwa-Kasenga, maduka ya kuta nene yenye baraza, na pikipiki zinazosubiri abiria. Kasenga ni moja ya teritwari sita za Haut-Katanga, jimbo lililozaliwa 2015 Katanga ilipokatwa vipande vinne. Ukiutembea mji kwa miguu, unaumaliza kabla ya jua kukuchosha. Basi watu wanaudharau kwa udogo huo. Mimi naona kipimo hicho si chake. Mji huu upimwe kwa sahani za Lubumbashi.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, alinipokea na swali la njiani, maji ya kuoga na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mume wake, baba mukubwa, alikuwa fundi wa injini za boti, na ndiye aliyenitembeza mchana. Alinipeleka moja kwa moja mtoni, kwenye majengo ambayo mtu akiyaona anaelewa mji.

Maelezo yake yalikuwa haya. Luapula inatoka kwenye vinamasi vya Bangweulu, Zambia, inashuka kusini, inageuka, halafu inapanda kaskazini mpaka Mweru. Katikati ina maporomoko, ya Mambilima, ambayo boti haipiti. Chini ya maporomoko, kuanzia hapa Kasenga, mto unakuwa mpana na mtulivu, na boti inakwenda mpaka ziwani bila kugusa jiwe. Kwa hiyo Kasenga ndipo mahali pa mwisho ambapo samaki wa ziwa angeweza kuja kwa maji, na pa kwanza ambapo kamyo ingeweza kumchukua. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa 1910 pamoja na reli, na migodi ya Union Minière ilikuwa na vinywa vya kulisha kila siku. Wafanyabiashara wa Kigiriki, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, waliona nafasi hiyo. Wakaleta nyavu, boti za injini, mashine za barafu. Samaki akapakiwa kwenye barafu jioni, akafika kambi za wachimbaji kesho yake.

"Hapa palikuwa barafu," alisema, akipiga ukuta kwa kiganja. Pana mbuzi sasa.

Wengi wa wafanyabiashara hao waliondoka kidogo kidogo wakati wa misukosuko ya 1960 na baadaye, na waliobaki walikutwa na amri ya Mobutu ya 30 Novemba 1973, iliyotwaa maduka na mashamba ya wageni na kuwapa wananchi waliochaguliwa. Baba mukubwa hana machozi ya kuwalilia wageni. Anakumbuka pia namna walivyolipa. Analilia mashine. Aliyepewa kiwanda cha barafu, anasema, aliuza vipuri kimoja kimoja mpaka kukabaki jengo, na jengo halitengenezi barafu.

Jioni, kwenye duka la pembeni mwa nyumba, nikaona kwenye friji katoni ya Thomson, yule samaki wa bahari anayeletwa ameganda kutoka pwani ya Atlantiki, anayeliwa Lubumbashi nzima. Thomson, Kasenga! Nilimwonyesha mama mukubwa kwa kidole kama mtu aliyeona mwizi.

"Njo vile, mwana," alisema. "Iko bei ndogo kuliko yetu."

Jumatano

Saa kumi na moja asubuhi ufuko una watu wengi kuliko avenue saa sita mchana. Mitumbwi inaingia na taa bado zinawaka, wamama wameshasimama majini mpaka magotini, na bei inafungwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Mvuvi aliyechoka hana nguvu ya kubishana, na wamama wanalijua hilo.

Samaki wakubwa ni wachache. Wapo wanaoitwa pale, wale wapana wa kukaanga, na kambare. Lakini mabeseni mengi yamejaa chisense, vidagaa vyeupe vya urefu wa kidole, vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani mpaka vinakauka siku hiyohiyo. Chisense haihitaji barafu. Ndiyo sababu imebaki.

Nilikaa na wazee watatu waliokuwa wanashona nyavu, nikauliza habari za mpumbu. Nilikuwa nimemsikia tu. Mpumbu ni samaki mwenye mapezi ya juu, aliyekuwa anaishi ziwani na kupanda Luapula kila masika kwenda kutaga mayai. Alipanda kwa makundi ambayo, wazee wanasema, yalisikika. Watu wa bonde walikuwa na siku zao za kumsubiri na siku zao za kumwacha. Biashara ya Elisabethville haikuwa na siku za kumwacha. Nyavu zikatandazwa kukata njia yake wakati ule ule wa kutaga, mayai yake yakauzwa kama chakula cha thamani, na katika miaka ya 1940 mavuno yalipanda sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kama samaki wa biashara. Hakurudi tena kwa wingi ule. Baada yake biashara ikamgeukia samaki pale. Nao walipopungua, ikashuka kwenye chisense. Kila kizazi cha wavuvi wa mto huu kinashona nyavu zenye matundu madogo kuliko ya baba zao, na sasa, nimeona kwa macho yangu, kuna wanaovuta chandarua cha mbu pembeni mwa matete. Wazee walikitazama chandarua kile, wakanitazama mimi, wakaendelea kushona.

Zambia ina sheria ya kufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wazaane. Samaki hajui mpaka; mto una kingo mbili na mamlaka mbili, na ukingo mmoja ukilala njaa huku mwingine unavua, amani inakuwa ngumu. Habari za boti zilizokamatwa na nyavu zilizochomwa zinasimuliwa pande zote mbili, kila upande na wahalifu wake.

Nikauliza: mto ni wa nani, kwa desturi? Mzee mkubwa wao aliacha sindano. Akasimulia habari ya Nachituti, ambayo bonde lote linaijua, pande zote mbili za maji. Nkuba, mtawala wa Bashila, wavuvi wa zamani wa hapa, alimuua mtoto wa dada yake mwenyewe, Nachituti. Mama yule akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Balunda aliyekuja kutoka magharibi, akaomba kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na mtungi wa maji: nchi na maziwa. Tangu hapo Kazembe ni mwenye nchi. Lakini, mzee akainua kidole, wenye vidimbwi na mikono ya mto walibaki walewale wa zamani, na mvuvi mgeni alipaswa kupita kwao kwanza. Mwata Kazembe bado yupo, ng'ambo, Mwansabombwe, na kila mwaka mwezi wa saba watu wanavuka kwenda kuona sherehe ya Mutomboko. Waliokuja kuchora mpaka mwaka 1894, Mwingereza na mtu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walipitisha wino katikati ya mtungi.

Saa nne jua lilikuwa kali. Kwenye majamvi chisense ilishaanza kung'aa kama bati.

Alhamisi

Mama mukubwa ana mashamba mawili, moja la muhogo na moja la mahindi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Ana miaka iliyopita sitini na anatembea kuliko mimi. Njiani tulipishana na nusu ya mji: mwalimu na jembe, polisi bila sare na jembe, mvuvi na jembe. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba ule ufuko wa jana ni uso tu wa Kasenga. Mwili wake ni shamba. Mshahara wa serikali ukichelewa, mtu anakula muhogo. Mto ukifungwa, anakula muhogo. Njia ikikatika wakati wa mvua, Lubumbashi inakosa, lakini Kasenga inakula.

Muhogo hauna haraka. Unapandwa kwenye matuta mvua zinapoanza, na ule mchungu, unaopendwa hapa, unaachwa ardhini mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Uchungu wake ni sumu, na ndiyo pia ulinzi wake: nguruwe mwitu hawausumbui sana, wala mwizi mwenye njaa ya leo, maana hauliki leo. Unachimbwa, unamenywa, unalowekwa majini siku tatu mpaka tano hadi ulainike na sumu itoke, kisha unaanikwa. Unaanikwa popote palipo na joto: juu ya miamba, juu ya mabati, kwenye kingo za barabara kuu ya taifa, ambako kamyo zinaukwepa kwa heshima ambayo haziwapi watu. Ukikauka unakuwa mweupe na mwepesi, ndio unaosafiri.

Majani ya baadhi ya mashina yalikuwa yamejikunja na madoa ya njano, ugonjwa wa mozaiki. Mama mukubwa aliyang'oa mashina mawili, akayatupa kando. Mengine aliyaacha. "Nikiyang'oa yote nitapanda nini?" Jibu la wataalamu ni mbegu safi inayovumilia ugonjwa, na jibu hilo ni sahihi, na mbegu hiyo kwake haijafika.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Alilima kidogo, kwa sababu mahindi ni kamari. Yanataka mbolea, na mbolea inavuka mto kutoka Zambia kwa bei ya anayeivusha. Tangu 2017 kuna viwavijeshi, wanaoingia kwenye moyo wa mche na kuula usiku. Mwaka mbaya ukija, muhogo unamsamehe mkulima, mahindi hayamsamehe.

Lakini Lubumbashi inataka mahindi. Sisi ni watu wa bukari nyeupe ya mahindi, na kwa miaka mingi bunga letu, yaani unga, limetoka Zambia, kwa kamyo, kupitia Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ukaipiga Zambia. Tarehe 29 Februari rais wao akatangaza janga la taifa, wakazuia bunga lao lisitoke, na kwetu mfuko ukapanda mpaka wazazi wakaanza kupika mara moja kwa siku. Kila njaa ya namna hiyo inapokuja, wakubwa wanakumbuka kwamba Katanga ina ardhi. Gavana Moïse Katumbi alipotawala, kati ya 2007 na 2015, aliwataka wenye migodi walime hekta 500 za mahindi kila kampuni. Baadhi walilima. Mashine za kuchimba shaba ni hodari kwa kufungua ardhi, si kwa kupalilia. Na wakati huo wote, mama huyu na jembe lake yuko kilomita 200 kutoka sokoni, ardhi anayo, mvua anayo, anachokosa ni njia ya kupitisha mfuko wake bila gharama ya safari kumeza faida. Mimi si mtaalamu wa kilimo. Ila ningepewa fedha za hekta moja ya mgodini, ningezimwaga zote kwenye mashimo ya barabara kati ya Kasomeno na hapa.

Mchana tulikaa chini ya mti na kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, baridi bado kutoka kwenye kibuyu. Bukari ya Kasenga ni mchanganyiko, mahindi na muhogo, inavutika na kukaa tumboni mpaka jioni. Nimeipenda kuliko ya mjini, na mama mukubwa amenionya nisiseme hivyo mbele ya mama yangu.

Ijumaa

Pikipiki mpaka Kashobwe, kufuata mto kuelekea kaskazini. Asubuhi nzima ya mchanga, vijiji visivyokatika, watoto waliovaa jezi nyeusi na nyeupe za TP Mazembe. Hapo jezi hiyo si ushabiki peke yake: Katumbi, rais wa timu, alizaliwa Kashobwe mwaka 1964, mtoto wa Nissim Soriano, mmoja wa wale Wayahudi wa Rhodes waliokuja kufanya biashara ya samaki. Kwa hiyo mtu aliyechukua ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015 na klabu yake, akawa gavana na mgombea urais, ni zao la biashara ileile ya barafu na mpumbu aliyoieleza baba mukubwa. Watu wa Kashobwe wanalisema hili kabla hujauliza.

Wanasema pia habari za kipindupindu, kwa sauti ya kawaida, kama msimu. Kinarudi mara kwa mara bondeni, maana maji ya kunywa, ya kuoga na ya kuvulia ni yaleyale. Nilikunywa soda. Tukarudi na jua likiwa machoni.

Jumamosi

Hakuna gari. Kuna moja "inayokuja". Nimefua nguo.

Ng'ambo, ukingo wa Zambia, magari yanapita kwenye lami. Ukikaa kimya unayasikia. Vijana hapa wana laini mbili za simu, ya huku na ya kule, na pochi yenye franka, kwacha na dola. Mgonjwa anavushwa huko kwa mtumbwi, sukari inavushwa huku, na ndoa zinavuka pande zote, kwa kuwa Kibemba ni kimoja. Daraja la Chembe, juu kabisa ya mto, lilifunguliwa 2008 na limeiunganisha Zambia na lile pembe la Kongo linaloingia ndani yake. Lakini ni mbali mno na hapa kumsaidia mtu wa Kasenga.

Jumapili

Misa kwa Kibemba na Kiswahili, ngoma, kwaya mbili zinazoshindana bila kukiri. Baada ya misa kamyo ikafika kweli. Yuleyule mama wa safari ya kuja alikuwepo, na magunia ya chisense, vikapu vya samaki wa moshi na mifuko ya muhogo. Alisimamia upakiaji mwenyewe: muhogo chini, moshi katikati, chisense juu, isivunjike. Mimi nilipewa mfuko wa mihogo na mama mukubwa, na amri ya kuufikisha kwa dada yake ukiwa mzima.

Njiani alinifundisha hesabu. Gunia la chisense linalipiwa kwa mvuvi, kwa mwanikaji, kwa mbebaji, kwa kamyo. Halafu kuna baryeri, vizuizi vya njiani. Kuna kodi yenye risiti na kodi isiyo na risiti, na ile isiyo na risiti haina bei maalum. Inategemea uso wa anayeidai na haraka ya dereva. Kwa hiyo yeye hutembea na noti ndogo, zimekunjwa tayari, kila moja mahali pake. Nilimwuliza kama barabara mpya ikijengwa atafurahi. Alifikiri kwa muda wa kijiji kizima.

"Gari zitakuwa nyingi, bei ya kubeba itashuka. Sawa. Lakini batu ba Kenya nabo batakuja bananunua wenyewe ku maji. Mimi nitabaki na kazi gani?" Alikuwa na maana ya Kenya yetu, komini ya Lubumbashi yenye soko kubwa. Kisha akasema kwamba angenunua mashine ndogo ya kusaga, aiweke Kasomeno, awauzie bunga wenye kamyo za shaba. Wanalala pale, wanakula pale. Alishauliza bei ya mashine.

Tulilala tena Kasomeno, tukaingia Lubumbashi Jumatatu saa tisa mchana, baridi ikiwa imetungojea. Kabla hatujafika mwisho wa lami alikuwa ameshagawa mzigo kwa simu: muhogo Katuba, samaki wa moshi nusu Kenya nusu kwa mteja anayepeleka Kolwezi, ambako wachimbaji wanalipa dola. Chisense yote kwa mwanamke mmoja wa soko la Kenya, aliyekuwa anazungumza kwa nguvu kiasi kwamba kabini nzima ilishiriki.

"Kesho saa kumi na mbili, mwana," mama alimwambia. "Na meka yako, kopo lako la kupimia, uiache nyumbani, ile umeipiga nyundo mpaka imepanuka. Tutapima na yangu."

Akakata simu. Dereva alicheka, akaniinamia na kusema kwamba meka ya mama nayo, ukiigeuza, ina kitako kilichoingia ndani.